Oili gani ya bei nafuu inafaa cheni ya baiskeli hapa Pwani?

Huku kwetu baiskeli si ya mazoezi tu. Kuna wanaobebea mitungi ya maji, mikate ya alfajiri, samaki, madafu. Kwa watu hawa, cheni ikikatika kwenye ule mwinuko wa kutokea feri Likoni, siku imeharibika. Na cheni za Pwani zina maadui wawili, chumvi na mchanga, na mara nyingi oili inayomzuia mmoja humkaribisha mwingine. Jibu langu kwa wengi ni oili mpya ya injini, tena kidogo sana. Sababu zake ni hizi.

Cheni ina viungo mia na kitu. Ndani ya kila kiungo mna pini, na juu yake rola inayozunguka. Chuma husagana huko ndani, si kwenye vipande vya nje tunavyoviona. Kwa hivyo oili iliyoganda nje haina kazi ila kukusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili huwa kama msasa: kila ukikanyaga pedeli, unasaga pini.

Oili chafu ya gereji ndiyo inayotumika sana kwa kuwa hupatikana bure. Mimi siipendekezi. Imeshabeba masizi, asidi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, yaani unaitia cheni yako uchafu uliosagwa tayari. Isitoshe, kuigusa mara kwa mara kwa mikono mitupu kwa miaka mingi kunahusishwa na saratani ya ngozi, jambo ambalo mafundi wetu wengi hawajaambiwa. Nguo ikishika doa lake, hasa kanzu, usihangaike kufua.

Grisi ni nzito, haipenyi kufika kwenye pini. Inakaa juu inasubiri mchanga wa Bamburi. Grisi iwekwe kwenye beringi za magurudumu na pedeli, huko ndiko kwake. WD-40 nayo inasifiwa kupita kiasi. Ile ya kawaida ilitengenezwa kufukuza maji, na hizo herufi mbili ndizo maana yake kwa Kiingereza. Inasafisha na kulegeza kutu vizuri, lakini ikikauka inaacha utando mwembamba tu. Ukiitumia, fuata na oili ya kweli.

Mafuta ya kupikia yasikaribie cheni. Yakikaa hewani hugeuka gundi, kama ule utando unaonata nyuma ya jiko. Mafuta ya nazi ni nafuu kidogo kwa hilo, hayagandi gundi upesi, na kwa joto letu hubaki maji maji. Lakini ni mepesi, mvua moja huyaondoa. Ukikwama kijijini na cheni inalia, yatakufikisha nyumbani. Oili ya cherehani ni safi na inapenya vizuri sana. Tabu yake ni hiyo hiyo ya kuondoka upesi. Inamfaa mtu anayeendesha wakati wa kiangazi na kulaza baiskeli ndani.

Oili mpya ya injini, kwa mfano 20W-50, ina uzito wa wastani na imetiwa dawa ya kuzuia kutu, ambayo ndiyo tunayoihitaji karibu na bahari. Wakati wa masika, au kama unapita kwenye maji ya chumvi, oili ya gia namba 140 itakaa zaidi kwa sababu ni nzito, ila utafuta cheni mara nyingi zaidi. Cheni nzima inahitaji tone moja kwa kila rola, jumla kama kijiko kimoja cha chai. Chupa ya nusu lita ukitia kila wiki itakaribia miaka miwili. Na kama hata hiyo ni ghali, nenda gereji uombe chupa tupu za oili mpya. Zigeuze juu chini usiku kucha kwenye kopo. Kila moja hutoa vijiko kadhaa vya oili safi ambavyo vingetupwa.

Kabla ya kutia, sugua cheni kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, uipanguse na kuiacha ikauke kabisa. Yale mafuta ya taa usiyamwage. Yaache kwenye chupa, uchafu utatuama chini na ya juu utayatumia tena. Cheni mpya kutoka dukani usiioshe, imekuja na mafuta yake ndani. Pindua baiskeli, zungusha pedeli nyuma polepole, na utie tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, kwa sirinji isiyo na sindano ukiwa nayo. Iache saa moja au hadi asubuhi. Kisha futa nje yote kwa tambara mpaka kidole kikigusa kisichafuke sana. Wengi huruka hatua hii ya kufuta.

Oili haifufui cheni iliyokwisha. Chukua rula ya inchi 12, weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni nzima kuna pini itakayoangukia inchi 12 barabara. Ikipita kwa nusu ya thumuni ya inchi, anza kutafuta nyingine. Ikifika thumuni nzima, huenda na meno ya gia yameshalika, na cheni mpya itaruka juu yake. Ukifunga ile mpya, kama ni ya kiungo chenye klipu, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, la sivyo ikigongwa na kitu huchomoka.