Kipimo cha Mtoto, Kipimo cha Neno: Historia Fupi ya Hatua za Ukuaji katika Afrika Mashariki

Arnold Gesell alipofungua kliniki yake katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1911, aliwachunguza watoto wa mji wa New Haven, na kutokana nao akaorodhesha yale ambayo mtoto hutarajiwa kuyaweza katika kila umri: kuinua shingo, kuketi, kusimama, kutamka neno. Kwake, hatua hizo zilitokana hasa na kukomaa kwa mwili, wala si na malezi. Orodha ya mji mmoja ikawa kipimo cha watoto wa kila mahali.

Kipimo hicho kilifika Kampala katika miaka ya 1950. Marcelle Geber, mtafiti kutoka Ufaransa, alikitumia kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1957 yeye na R. F. A. Dean wakaeleza kwamba watoto hao waliwatangulia wa Ulaya katika mwaka wa kwanza, kisha tofauti ikapungua. Mbinu za tafiti za aina hiyo zilikosolewa vikali baadaye. Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambako Charles Super, katika makala yake ya mwaka 1976, alionyesha kwamba watoto walitangulia kuketi na kutembea kwa sababu mama zao waliwafundisha makusudi. Katika kutambaa, jambo ambalo halikufundishwa, hawakutangulia. Hapo hoja ya kukomaa pekee ilipwaya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani. Umri wa kuanza kutembea bila kushikwa ulianzia miezi 8.2 hadi 17.6, na asilimia 4.3 ya watoto hawakupitia kabisa hatua ya kutambaa kwa mikono na magoti. Mtoto aliyesimama dede na kwenda zake bila kutambaa hana kasoro kwa sababu hiyo pekee.

Miguu, basi, ilipata watetezi wake mapema. Ulimi ulichelewa kuwapata.

Kipimo cha Denver cha mwaka 1967, kilichotokana na watoto 1,036 wa mji huo, na orodha nyingi zilizokifuata, huhesabu maneno. Hata orodha ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 2022, ambayo iliondoa kutambaa, bado inamtarajia mtoto wa miezi 24 aunganishe walau maneno mawili. Kwa Kiingereza kigezo hicho kina mantiki, maana kuunganisha maneno ndiko kunakoonyesha kuzaliwa kwa sarufi. Kwa Kiswahili sarufi huzaliwa ndani ya neno. Mtoto anayetazama kikombe na kusema "kimevunjika" ametaja ngeli, njeo na tendo. Mhesabu maneno ataandika moja. Kinyume chake pia kipo. "Sitaki" inaweza kuwa sauti iliyokaririwa nzima, bila mtoto kujua kwamba ndani yake mna nafsi na ukanushi. Ushahidi hupatikana pale anapopambanua "nataka" na "sitaki", au "anakuja" na "haji". Muuguzi asiyeulizwa jambo hilo na fomu yake anaweza kumtia mzazi hofu bure, au, vibaya zaidi, kumpitisha mtoto asiyesikia vizuri kwa kuwa ana maneno mawili matatu ya mazoea.

Si dalili zote zinazotegemea lugha. Mtoto asiyegutuka kwa kishindo, au aliyekwisha kusema kisha akanyamaza, anahitaji kuchunguzwa bila kungoja jedwali lolote. Kupoteza uwezo uliokwisha kupatikana ni hatari kwa Kiganda kama kwa Kiswahili.

Pwani ya Kenya imefanya kazi ya kuheshimiwa katika uwanja huu. Kipimo cha Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, kilitumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto, lakini kilihusu zaidi viungo vya mwili. Mwaka 2015 Katherine Alcock na wenzake wakachapisha orodha za mawasiliano kwa Kiswahili na Kigiriama, ambamo wazazi wasiojua kusoma waliulizwa kwa mdomo badala ya kupewa fomu. Tangu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lina kipimo kipya cha watoto chini ya miaka mitatu, ambacho Pemba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kukithibitisha.

Hata hivyo, Kiswahili cha Pemba si cha Nairobi. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba wao hudondosha viambishi vya nafsi, na kwamba watu wazima wa mji huo nao huvidondosha mara kwa mara. Mtoto wa Nairobi asemaye "meanguka" amemsikia mamaye akisema hivyo hivyo. Fomu itakayovuka mpaka bila kurekebishwa itaandika kosa mahali ambapo mtoto amejifunza vizuri kabisa lugha ya nyumbani kwake.