Kimondo cha Mbozi: Chuma kutoka juu na hekalu lisilojengwa



Sisi wa visiwani hekalu la Mabaniani si geni kwetu, Mji Mkongwe lipo. Wazee wao walikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Kutch na Gujarat, na huko Gujarat, ukingoni mwa bahari, ndiko liliko Somnath, hekalu la kale la Shiva. Mahmud wa Ghazni alilivamia mwaka 1025 hadi 1026. Al-Qazwini, mwandishi wa karne ya 13, amesimulia kwamba sanamu ya humo ilikuwa ikielea hewani, haina nguzo wala kamba. Mtu mmoja akasema sanamu ni ya chuma na kuba ni la sumaku. Yakaondolewa mawe ya juu, sanamu ikainama, mwisho ikatua chini. Hadithi tu, lakini tamu! Hekalu lenyewe limebomolewa na kujengwa mara nyingi. La sasa lilifunguliwa mwaka 1951.

Bara, mkoani Songwe, katika wilaya ya Mbozi yenye Igamba, hakuna hekalu la kale la namna hiyo. Lakini chuma kilichotoka juu kweli kipo, kijijini Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Kimondo hicho kina urefu wa mita 3 hivi na kinakadiriwa kuwa na tani 16. Asilimia 90 yake ni chuma, na nikeli ni kama 8. Sisi tunaosoma Suratul Hadid, iliyotaja kuteremshwa kwa chuma, hatuwezi kupita hapo kimya kimya.

La kutushangaza zaidi ni wenyeji. Wanyiha walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga tanuri za udongo, wakachoma mawe ya chuma kwa makaa, wakapata majembe kwa jasho jingi. Na hapo karibu pana tani 16 za chuma tayari! Hawakukigeuza majembe. Kilikuwa kitu cha mwiko, hakisemwi mbele ya wageni. Wala hawana hadithi ya siku kilipoanguka, ndiyo maana wataalamu husema kilianguka zamani sana.

Vitabu vinaandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Neno hilo hatulikubali. Mtu hagundui kitu ambacho wenyewe wanakijua na wamekificha kwa heshima. Somnath ilikuwa na kuta na hazina, ikavamiwa. Hapa hapakuwa na ukuta hata mmoja, palikuwa na midomo iliyofungwa tu.

Ujenzi ulikuja baadaye. Kilikuwa nusu ndani ya ardhi, basi pakachimbwa handaki kukizunguka, udongo ukaachwa chini yake kama nguzo, kisha ikawekwa zege. Hakielei kama kile cha Al-Qazwini. Kimekaa juu ya saruji, na pembeni pana alama walipokikata kwa msumeno kupata kipande cha kuchunguza.