Daktari Ridley na lenzi iliyokataliwa kwa miaka 30

Tarehe 8 Februari 2025 ilitimia miaka 75 tangu Harold Ridley, daktari wa macho wa Hospitali ya St Thomas' jijini London, aweke lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa na kuiacha humo daima. Siku ilipita kimya. Karibu kila mtu anayeondolewa mtoto wa jicho leo, awe Moshi, Mombasa au Muscat, hutoka chumba cha upasuaji na lenzi iliyotokana na ile ya Ridley, lakini jina lake hulisikii redioni wala darasani. Uingereza nako walichelewa: alipewa cheo cha Sir mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 93, na mwaka uliofuata akafariki.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, na kuitibu kwa chuma ni jambo la kale. Wahindi wa kale waliisukuma kwa sindano mpaka ikaangukia ndani ya jicho. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel akaanza kuitoa nje. Kwa miaka 200 iliyofuata madaktari waliboresha mkono na vifaa, lakini wazo likabaki lilelile: toa, kisha mpe mgonjwa miwani.

Miwani hiyo ilikuwa adhabu. Jicho lisilo na lenzi lilidai vioo vinene kama kitako cha chupa, na vitu vyote vikaonekana vikubwa kuliko vilivyo. Aliyepasuliwa jicho moja aliteseka zaidi, kwa kuwa picha za macho mawili hazikulingana na ubongo ukashindwa kuziunganisha. Wazee walijikwaa ngazini, wakamwaga chai pembeni ya kikombe, na wengine wakaivua miwani na kurudi gizani kwa hiari yao.

Sehemu kubwa ya habari za Ridley tunazipata kwa David Apple, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza maabarani maelfu ya lenzi zilizotolewa machoni mwa watu, na ambaye mwaka 2006 alichapisha kitabu cha maisha ya Ridley. Apple alikuwa rafiki wa Ridley na hakuficha upande wake. Nami, baada ya kuyapima maelezo yake, nasimama upande huohuo.

Agosti 1940, katika vita vya anga juu ya Uingereza, ndege aina ya Hurricane ya rubani Gordon Cleaver ilipigwa, na kifuniko chake cha plastiki ya Perspex kikapasukia usoni mwake. Vipande vikazama katika macho yote mawili. Jicho la kulia lilipofuka. Alipasuliwa mara 18, usoni na machoni, na Ridley alikuwa miongoni mwa waliomtibu. Kwa miaka kadhaa aliyachunguza macho yale akaona jambo la ajabu: vipande vilivyobaki ndani vilitulia tu. Jicho ambalo huwaka kwa punje ya chuma lilikaa na plastiki ile bila uvimbe.

Vita hivyohivyo vilimleta Ridley Afrika. Akiwa daktari wa jeshi huko Gold Coast, Ghana ya leo, alikwenda Funsi, kaskazini, kuwapima watu waliopofushwa na usubi, ugonjwa uleule unaojulikana Mahenge. Mwaka 1945 alichapisha kazi yake, pamoja na picha ya ndani ya jicho aliyoichora kwa mkono, na wataalamu wa usubi wanaitambua hadi leo. Nalitaja hili kwa sababu wapinzani wake walimfanya aonekane mtu wa kubahatisha, ilhali alikuwa na subira ya kukaa kijijini na kuchora alichokiona.

Baada ya vita, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akimtazama akitoa mtoto wa jicho alimuuliza kwa nini hakuweka lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Swali hilo lilimsukuma. Alizungumza faraghani na John Pike wa kampuni ya Rayner, watengenezaji wa lenzi, na kampuni ya ICI ikatoa Perspex safi kwa ajili ya kazi hiyo. Ridley hakuomba hataza.

Kazi ilianza Novemba 29, 1949, kwa mwanamke wa miaka 45, na lenzi ya kudumu ikawekwa Februari 8 iliyofuata. Lenzi ilikaa vizuri, lakini hesabu ilikosewa. Umbo lilikuwa limenakiliwa kutoka lenzi ya asili, na plastiki hupinda mwanga zaidi kuliko lenzi ya asili. Mgonjwa akatoka na uoni wa karibu mno, wa kuhitaji miwani ya diopta 18 hasi. Ridley akarekebisha vipimo na kuendelea, huku wote waliohusika wakiwa wameahidi kunyamaza.

Siri ilivuja kwa kituko. Mgonjwa wake mmoja alikwenda kupimwa akaingia, kwa makosa, kwa daktari mwingine wa macho aliyeitwa pia Ridley. Baada ya hapo hapakuwa na njia ila kujitokeza. Julai 1951 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa macho mjini Oxford, akiwa amekuja na wagonjwa wake wawili ili wenzake wajionee.

Katika ukumbi huo alikuwamo Sir Stewart Duke-Elder, daktari wa macho wa Mfalme, mwandishi wa vitabu vikubwa vilivyosomwa na kila mwanafunzi wa fani hiyo. Neno lake lilikuwa sheria. Alialikwa awatazame wagonjwa wale. Akakataa. Hakutaka hata kuwaangalia.

Hoja ya wapinzani ilikuwa na uzito wake. Madaktari wa macho walikuwa wameishi wakitoa vitu vigeni machoni, na sasa mwenzao anaviweka. Hitilafu nazo zilikuwapo: lenzi nyingine zilihama, macho mengine yaliwaka au kupata presha ya macho, na baadhi ikabidi zitolewe. Lakini daktari anayekataa kumwangalia mgonjwa aliyeletwa mbele yake, anayeona, ameacha udaktari na kushika ukubwa. Mwaka 1952 upinzani ulimfuata hadi Chicago, alikokwenda kuieleza kazi yake. Wakubwa walipokwisha kukunja uso, vijana waliokuwa na mawazo kama yake waliogopa kuharibu kazi zao.

Ridley aliumia. Alipatwa na sonona, na mwaka 1971 akastaafu kimya kimya. Waliobaki naye walikuwa wachache, Peter Choyce akiwa mbele, na mwaka 1966 wawili hao walianzisha klabu ya madaktari wanaoweka lenzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuja kuidhinisha lenzi hizo mwaka 1981. Cleaver, rubani wa mwaka 1940, aliwekewa lenzi katika jicho lililobaki mwaka 1987. Na Ridley mwenyewe alipozeeka na kuingiwa na mtoto wa jicho, aliwekewa lenzi macho yote mawili katika hospitali ileile ya St Thomas'.

Mengine yalikwenda haraka. Mmarekani Charles Kelman aliona kifaa cha daktari wa meno kinachosafisha kwa mawimbi ya sauti, akabuni mwaka 1967 njia ya kuvunja mtoto wa jicho kwa mawimbi hayo na kumvuta kupitia tundu dogo. Lenzi za kukunjika zikafuata. Ipo pia leza inayowahusu waliowekewa lenzi kama za Ridley. Miezi au miaka baada ya upasuaji, utando ulio nyuma ya lenzi huweza kuingia ukungu, na watu husema mtoto wa jicho karudi. Hawezi kurudi, kwa kuwa lenzi yenye ukungu ilikwishatolewa. Leza hutoboa utando huo kwa dakika chache, na mgonjwa huenda nyumbani siku hiyohiyo.

Bei nayo ilivunjwa. Kiwanda cha Aurolab huko Madurai, India, kilianza mwaka 1992 kutengeneza lenzi za bei nafuu. Mwaka 1994 kikafunguliwa kingine Asmara, Eritrea, kwa juhudi alizoanzisha daktari Fred Hollows wa Australia kabla ya kifo chake.

Kwa hiyo lenzi ipo, na ni rahisi. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 65.2 wenye upofu au uoni hafifu kwa sababu ya mtoto wa jicho ambaye hajatibiwa. Wamo bibi na babu zetu wanaoongozwa na mjukuu kwa fimbo, wakiambiwa kwamba huo ni uzee tu, wakati tiba yao kwa kawaida haizidi nusu saa mezani. Wizara zetu za afya zinapowasilisha bajeti, wabunge wadai kuonyeshwa, wilaya kwa wilaya, alipo daktari anayeweza kuweka lenzi, nauli ya kumfikia ni kiasi gani, na wazee wangapi wanasubiri zamu.