"Ni Kweli": Maneno Mawili ya Mshtakiwa na Historia ya Usawa Mahakamani

Mtafiti wa Kiswahili anayetaka kuchunguza jinai na ukosefu wa usawa huvutwa kwanza na mada pana: ukoloni na sheria, umaskini na magereza, tabaka na adhabu. Mada hizo zina thamani, ila humeza mwandishi na msomaji pia. Yapo maneno mawili yanayotosha kujaza tasnifu nzima, nayo ni "ni kweli".

Kwa miongo mingi Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, mshtakiwa katika mahakama ya wilaya alielezwa mashtaka kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, na hakimu aghalabu akaandika jibu kwa Kiingereza. Aliyesema "ni kweli" aliweza kuhesabiwa kuwa amekiri kosa. Kiisimu, hapo pana walakini. "Kweli" huthibitisha kauli, haithibitishi nia. Anayesema "ni kweli nilichukua baiskeli" amekubali kitendo cha kuchukua, wala hajasema kwamba alikusudia kuiba. Huenda aliidhania yake. Aidha, katika mazungumzo ya kila siku, "kweli" huweza kuwa kiitikio tu cha msikilizaji.

Mahakama yenyewe iliiona hatari hiyo. Mwaka 1942, katika shauri la Rex dhidi ya Yonasani Egalu na wenzake, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisisitiza kwamba kila kipengele cha kosa kielezwe, na mshtakiwa akikubali au akikane kimoja kimoja. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililotoka Kenya, ilielekeza jibu liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Agizo hili la pili ni la kiisimu kuliko la kisheria.

Uzito wake uko kwenye rufani. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hukata rufani juu ya adhabu tu, isipokuwa ionekane kwamba jibu lake lilikuwa na utata au dosari. Mwenye wakili huonywa kabla hajafungua kinywa. Asiye na wakili husema "ni kweli", na mlango hujifunga nyuma yake.

Kwa hiyo mtafiti asianze na hukumu zilizochapishwa, kwani humo sauti ya mshtakiwa imekwisha kutafsiriwa. Aanze na majalada ya Mahakama za Mwanzo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kumbukumbu, kisha ayalinganishe na ya mahakama za wilaya yaliyotangulia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Atafute hasa kurasa ambamo hakimu aliandika sentensi nzima iliyofuata "ni kweli".