Uwezo wa tairi la pikapu husomwa ubavuni, si kwenye rimu

PIKAPU inapopakiwa saruji au mazao, matairi ya nyuma ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Hata hivyo, tairi kutoshea rimu si ithibati kwamba litahimili shehena.

Uwezo wa tairi hubainishwa na nambari iliyochapwa ubavuni, baada ya ukubwa. Kwa mfano, tairi la 195R14C lenye nambari 106/104 hubeba kilo 950 likifungwa peke yake, na kilo 900 yakifungwa mawili upande mmoja wa ekseli. Herufi C huashiria tairi la magari ya mizigo.

Tairi la gari dogo la rimu iyo hiyo ya inchi 14, lenye nambari 95, hubeba kilo 690 pekee. Tofauti yaonekana ndogo, lakini matairi mawili ya nyuma hupungukiwa na kilo 520, zaidi ya mifuko 10 ya saruji ya kilo 50.

Tairi lililolemewa hupinda ubavu kupita kiasi, hushika joto, tabaka zake huachana na hatimaye hupasuka. Upepo haba huleta madhara yayo hayo.

Kabla ya kununua, mwenye gari asome kibati au kitabu cha mtengenezaji, alinganishe uzani unaoruhusiwa kwa kila ekseli na jumla ya uwezo wa matairi yake. Jumla hiyo isipungue. Aidha, tairi imara si ruhusa ya kuongeza mzigo, kwani springi na breki ni zile zile.