Vijana wa Litowa na chama kilichofutwa 1969

Ukipanda gari alfajiri Mbamba Bay, ukaliacha Ziwa Nyasa nyuma na kupandisha milima ya Umatengo hadi Mbinga, kisha ukashika lami ya kwenda Songea, utafika njia panda ya Peramiho. Abiria wengi wanaijua Peramiho kwa abasia ya Wabenediktini na hospitali yake. Wachache wanajua kuwa Ntimbanjayo Millinga alikuwa huko katibu wa Umoja wa Vijana wa TANU, na kwamba mwaka 1960 aliwakusanya vijana wenzake wakaenda kuanzisha shamba la pamoja Litowa.

Uhuru ulikuwa bado haujapatikana. Walitaka kulima pamoja na kuishi pamoja, kwa jasho lao wenyewe. Jaribio la kwanza likashindwa kwa njaa. Aliyewahi kufungua shamba jipya kwenye miombo anaijua hesabu yake: unakata miti kwa shoka, unang'oa visiki, unachoma, unasubiri mvua, mahindi uliyopanda Desemba huwezi kuyachoma kabla ya Machi. Miezi yote hiyo unakula cha nani? Vijana wale walirudi makwao, na bila shaka wako waliochekwa. Lakini mwaka 1961 wakarudi tena Litowa. Kwangu mimi, historia yao inaanzia kwenye kurudi huko.

Safari hii walidumu. Mwaka 1963 wakaunda chama cha Ruvuma Development Association, kilichojulikana zaidi kama RDA, na vijiji vingine vikajiunga. Mwingereza Ralph Ibbott, mkewe Noreen na watoto wao walihamia Litowa, naye akawa mshauri wa chama. Mwalimu Nyerere alikiunga mkono kwa dhati. Misaada ya mashirika ya hisani ya nje ilikuja pia, ila uamuzi ulibaki mkutanoni, kwa wanakijiji wenyewe. Kufikia 1969 vijiji vilikuwa 17, na chama kilikuwa na mashine ya kusaga Songea, kiwanda cha kupasua mbao na karakana.

Kilichonigusa zaidi ni shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka. Watoto walisoma, walilima, na walishirikishwa katika mambo ya kijiji, wakiandaliwa kuja kuishi na kufanya kazi vijijini. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Litowa walikuwa tayari wanayaishi mambo hayo. Mmarekani Kate Wenner, aliyeishi nao, aliandika kitabu kiitwacho Shamba Letu, kilichotoka 1970.

Kitabu kilipotoka, chama hakikuwepo tena. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala, ilikifuta. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, wageni wakaondoka. Kosa la wana-RDA, kwa maoni yangu, lilikuwa kujiamulia. Viongozi waliozoea kutoa maagizo walikutana na wakulima wanaouliza maswali, na chama kilichosimama chenyewe kikaonekana ni mshindani. Miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa amri kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, wakati mfano wa hiari ulikuwa umeshazimwa. Taifa lilipata hasara kubwa siku ile, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona. Hata hivyo kijiji cha Matetereka, kilichokuwa cha RDA, kiliendelea na kazi ya pamoja kwa miaka mingi baadaye.

Leo vijana wa Mbinga wenye kahawa na bodaboda, na wenzao wa Liuli na Lituhi wanaoanika dagaa ufukweni, wana mfuko uliowekwa kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo, nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni haki yao. Lakini kikundi kilichoundwa haraka ili kuwahi fomu si sawa na kikundi kilicholala njaa pamoja na bado kikarudi shambani. Naziomba halmashauri za Mbinga na Nyasa: kabla ya kuwachagulia vijana mradi, wapeni muda wa kukaa, kubishana na kuamua wanataka kufanya nini.

Ombi la pili nalielekeza kwako msomaji. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 sasa amepita 80. Kama nyumbani kwenu, iwe Peramiho, Mbinga au kando ya ziwa, yuko babu au bibi aliyeishi katika vijiji vya RDA, kaa naye mwaka huu, washa kinasa sauti cha simu yako, umwombe akusimulie walivyoanza.