Jinamizi
Jinamizi ni ndoto ya kutisha inayomwamsha mtu moyo ukimwenda mbio, huku akikumbuka vizuri alichoota. Huja zaidi kuelekea alfajiri, wakati usingizi wa ndoto, ambapo macho huchezacheza chini ya kope, unaporefuka. Huchochewa na msongo wa mawazo, homa, kuacha pombe ghafla na baadhi ya dawa, kama efavirenzi ya VVU. Mgonjwa asiiache dawa hiyo kabla ya kumwona daktari. Walionusurika vita au ubakaji huteseka zaidi, na kuwaambia wajikaze ni kuwaonea. Kinachosaidia wengi ni kuiandika ndoto mchana na kuibadilisha wapendavyo, tuseme aliyekimbizwa anafika kwao na kufunga mlango, kisha kuipitia akilini kila siku kwa dakika 10 hadi 20.